Pale Wimbo Unaporuka

Redio ile iliingia nyumbani kwetu ikiwa na CD tumboni, na CD hiyo haikutoka tena. Mume wangu aliibeba kwapani kutoka gereji, akaiweka juu ya meza yangu ya kushonea, juu ya lesi nyeupe ya mtu, na kabla sijamaliza kumkaripia alikuwa ameshaanza kumenya nyaya kwa meno. Nilimwambia meno hayauzwi madukani Fordsburg. Akacheka, akaendelea kumenya.

Alikuwa akifanya kazi kwenye gereji moja ya hapa Jeppestown inayouza magari nusu. Asiyelijua jiji la Johannesburg atadhani natania. Magari ya mitumba kutoka Japani hayaruhusiwi kutembea katika barabara za nchi hii, kwa hiyo wafanyabiashara huyaleta yakiwa yamekatwa, sehemu ya mbele tu, injini na dashibodi na taa zake, yakapangwa ndani ya kontena na kuitwa vipuri. Pale gereji wanayaita hafkati. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuyafungua bolti baada ya bolti mpaka kusibaki kitu. Alisema kila gari lilikuja na mabaki ya mwenyewe: risiti ya maegesho, peremende iliyoyeyuka, mara soksi ya mtoto imenasa chini ya kiti. Vitu hivyo vilimsumbua moyo. Alivileta nyumbani akavipanga dirishani, mimi nikavitupa, naye akaleta vingine.

Redio ile hakuna aliyeitaka. Redio za Kijapani hazishiki stesheni zetu nyingi, kila mtu analijua hilo, na hii zaidi ya hapo ilikuwa imemeza CD na kitufe cha kuitolea kilikuwa kimekufa. Bosi akamwambia aichukue. Aliiunga kwenye betri ya gari iliyokaa chini ya meza, ile tuliyoitumia kwa taa umeme unapokatwa, na redio ikawaka rangi ya buluu. Sauti ya mwanamke ikatusalimu kwa Kijapani. Binti yetu, ambaye wakati huo hata shule alikuwa hajaanza, akaijibu kwa adabu zote: "I'm fine, and you?"

CD ilikuwa na nyimbo tatu. Wa kwanza ulikuwa wa taratibu. Kinanda kilianza peke yake, halafu mwanamume akaimba kwa sauti ya mtu anayejizuia asilie mbele ya watu, na magitaa yalipoingia ilikuwa kama amekubali kwamba hatajizuia tena. Wa pili ulikuwa kelele tupu. Mimi na mtoto tuliziba masikio. Wa tatu ulikuwa ule ule wa kwanza, ila mwimbaji ametolewa, muziki unakwenda peke yake. Tulidhani CD imeharibika. Baadaye tuliambiwa kwamba huko kwao wanafanya hivyo makusudi, ili mnunuzi aimbe mwenyewe.

Mume wangu hakusubiri kuambiwa. Alikuwa mwanakwaya, na Mungu alimpa sauti kubwa kuliko imani. Alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka akaukariri wote, sauti kwa sauti, bila kujua hata neno moja, kisha akawa anauimba juu ya ule wa tatu. Aliuimba akipiga pasi nguo za wateja wangu. Aliuimba akiwa amembeba mtoto mabegani. Jirani yetu Mzulu aligonga ukuta siku za mwanzo, baadaye akawa anagonga ukiisha, ili urudiwe.

Miaka ilipopita na binti akapata simu, ndiye aliyetuambia kwamba walioimba ni bendi ya roki, wanaume wenye nywele za kupaka rangi ambao kawaida yao ni makelele, na kwamba wimbo huu wa taratibu ndio uliovuma kuliko zote walizotoa. Nilimwambia hata huku kwetu umevuma.

Lakini CD yetu ilikuwa na mkwaruzo. Katikati ya ubeti wa pili mwimbaji anaanza kupanda, anapanda, na kabla hajafika juu wimbo unaruka, unamkuta tayari yuko mstari mwingine. Mume wangu aliujifunza na kuruka kwake. Kwenye wimbo wa tatu mkwaruzo haukuwepo, kwa hiyo pale aliruka peke yake, akafika mbele kabla ya muziki, akawa anausubiri mkono juu huku akisema "eeh, eeh," mpaka umfikie. Mara ya kwanza nilicheka pini zikanitoka mdomoni. Binti alipoupata wimbo wenyewe kwenye simu alimwonyesha baba yake kwamba kuna kipande kizima hakijui. Alikisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, halafu akasema, "Hao wameongeza."

Jinsi ulivyoingia harusini ni hivi. Sisi Wakongo wa Uvira na Fizi, na Warundi, na Watanzania wachache walioolewa kwetu au kuoa kwetu, tukiwa na harusi hukodi ukumbi mmoja na kwaya moja. Siku hiyo bibi harusi alikuwa mlangoni, kwaya imekwama kwenye foleni, na mshereheshaji anatokwa jasho. Kwetu bibi harusi haingii mbio. Anaweka mguu, anasimama; anaweka mwingine, anasimama; na bila wimbo hawezi kupiga hata hatua moja. Mume wangu alichukua maikrofoni. Wimbo wa Wajapani ukakaa kwenye mwendo wa bibi harusi wetu utadhani ulitungwa kwa ajili yake. Ulipofika pale pa kuruka, msichana wa watu alipoteza hatua, na shangazi yake, kuficha aibu, akapiga kigelegele. Wanawake wote wakaitikia.

Basi ikawa desturi. Kila bibi harusi alitaka "ule wa Kijapani." Walikuja kuujifunza nyumbani kwangu siku ya kupima gauni: nachoma pini pindoni, naye anajizoeza kusimama pale wimbo unaporuka, ili akina mama wapige vigelegele. Wageni kutoka Cape Town waliuliza huu ni utamaduni wa kabila gani. Tuliwajibu kwamba ni wetu.

Ni binti yetu, kwa kuangalia katuni zake za Kijapani zenye maandishi chini, aliyetafuta maana yake. Alikuja jikoni akasema wimbo huu si wa mapenzi. Ni wa mtu anayemuaga mtu ambaye hatamwona tena. Nilimwambia afunge mdomo, tumeshaozesha nusu ya Jeppestown kwa wimbo huo. Baba yake aliuliza tu, "Ndoa si zimedumu?" Nikasema nyingi zimedumu. "Basi," akasema, na hakuulizia tena maana yake.

Alikuwa mume wa namna hiyo. Alinichosha na alinichekesha, na sikuwahi kufikiri kwamba kimojawapo kingeisha.

Kisha mama yake akaugua, huko nyumbani, katika bonde juu ya Uvira. Karatasi zetu za ukimbizi zinakuruhusu kukaa hapa. Hazikuruhusu kwenda kwenu na kurudi, kwa sababu ukienda kwenu, wanasema, basi hukuwa mkimbizi. Lakini mama ni mama. Alikwenda kwa mabasi, na kwa miguu pale ambapo basi lina maswali mengi. Alipiga simu kutoka Lusaka, akapiga kutoka Mbeya, akapiga kutoka Kigoma. Kutoka Kigoma alisema, "Kesho nafuata ziwa. Funika redio, vumbi lisiingie." Nikamjibu, "Nenda ukamwone mama yako, wacha habari ya redio." Watu hudhani najuta kwamba maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa hayo. Sijuti. Nilikuwa na gauni la kumaliza.

Juma lile lile vita viliamka tena bondeni. Watu walikimbia huku na huku, wengine wakavuka, wengine wakarudishwa, na simu yake ikawa haipatikani. Mama mkwe alikufa. Binamu mmoja aliyekimbilia Bujumbura alitupigia kutuarifu, nikamuuliza mwanawe alifika kumzika? Alisema hakuna aliyemwona.

Nilifunika redio kwa kipande cha kitenge. Nikangoja.

Kungoja ni kazi, tena ngumu kuliko cherehani. Kila namba nisiyoijua niliipokea pini zikiwa mdomoni. Kanisani watu hawakujua wanisalimie vipi: wakiniuliza habari za mzee wanaona vibaya, wakinipa pole wanaona wamemuua. Kwa hiyo walinisalimu haraka na kugeukia watoto wao. Wengine waliniambia subira yavuta heri. Yangu ilikuwa imevuta miguu tu, ilivimba jioni kwa kukaa. Maharusi walianza kuingia kwa nyimbo nyingine, za kwenye spika, na mimi niliendelea kuwashonea na kuwazipu mgongoni bila kusema kitu.

Msimu wa pili wa baridi bila yeye, akina mama watatu wa kanisani walikuja Jumamosi mchana na mkate na sukari. Viti vilikuwa na nguo za wateja, wakakaa kitandani. Mkubwa wao, Mrundi aliyekwisha kuzika waume wawili, ndiye aliyeanza.

"Mama, ihangane, jikaze. Tumekuja juu ya bwana wako."

"Bwana wangu amefanya nini?"

"Mama, mtu hawezi kuwa njiani muda wote huu. Tunaona tumuwekee matanga. Na wewe upumzike."

"Nani amewaambia nimechoka?"

"Tuko tunakuona, yaya," mdogo wao akasema, naye ni mtu wa kwetu Uvira, ambako yaya ni dada mkubwa. "Haiko vizuri hivi. Hauko bibi ya mtu, hauko mjane."

Matanga bila maiti yapo kwetu, vita vimetuzoesha. Hutandikwa mkeka, ikawekwa picha na nguo aliyopenda, wanawake wakakaa chini, wanaume nje kwenye moto, na watu wakamsimulia mpaka aishe. Siku ya kuondoa matanga nguo zake hugawiwa, mjane huogeshwa, akainuka. Kuanzia hapo jina lake hutanguliwa na marehemu. Na jambo hilo halina kinyume chake. Bibi yangu alikuwa akisema mtu aliyekwisha kuliliwa akirudi, mlango haumjui tena. Ndiyo maana niliwatoa wale kina mama nyumbani kwangu, wao na mkate wao. Sukari waliisahau.

Binti alikuwa amekaa nyuma ya pazia na vitabu vyake, akasikia yote. Nieleze kidogo kuhusu binti huyu. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata umbea wa kunong'ona, lakini kukisema hataki. Ukimwambia "lete mkasi" analeta mkasi na kukujibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akiwa amekasirika. Hakuwahi kunitamkia sentensi nzima ya lugha yangu. Nilishazoea, kama unavyozoea mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu alirudi kutoka shule, hakuvua begi. Alisimama mbele ya cherehani akaongea kwa Kiingereza chake cha Jeppestown, na naandika hapa kwa lugha yetu kwa sababu kwa lugha ile sitaki kuyarudia. Alisema darasani kwake kuna watoto ambao baba zao wamekufa, wanajua la kusema. Kuna watoto ambao baba zao wamewakimbia, nao wanajua la kusema. Yeye hana. Alisema mlango ukigongwa analiacha swali la hesabu katikati. Alisema akivuka kwenye robot, taa za barabarani, na kumwona mtu mwenye ovaroli, miguu inamkimbia kabla hajamtazama uso. Kisha akasema neno lenyewe, na hilo naliacha kama alivyolisema.

"Eish, Mama. I'm tired. I just want him to be dead."

Niliinua mkono. Hakukwepa. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa ya mtu mzima aliyefanya kazi ya siku nzima, nikaushusha mkono mwenyewe. Cherehani ilikuwa bado imeshika kitambaa cha mtu katikati ya mshono. Nikachukua simu, nikampigia yule mama wa Kirundi, nikamwambia watafute mkeka.

Tulimlilia katika ghala tunamosali, siku ya baridi kavu, moto wa pipa ukiwa uani. Mahali pa mwili tuliweka ovaroli yake ya gereji, ile ya buluu, yenye mafuta ambayo sabuni zote za Johannesburg zilishindwa. Watu walimsimulia vizuri. Mwenzake wa gereji, Msumbiji, alisema mume wangu hakuwahi kutupa kitu alichokikuta ndani ya gari bila kwanza kujiuliza mwenye gari yuko wapi. Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nilikuwa nimekaa na macho makavu, wakadhani nimeganda kwa uchungu, kumbe nilikuwa na hasira tu, nikiwasikia wanavyosema "alikuwa, alikuwa."

Mchana wakaleta redio na betri yake. Mwalimu wa kwaya alitaka wimbo wake upigwe, ule wa tatu, usio na mwimbaji, kwaya iimbe juu yake. Ulipoanza hakuna aliyejua. Miaka yote hiyo walikuwa wakimsikiliza, hakuna aliyejisumbua kukariri. Kinanda kilikwenda peke yake, watu wanatazamana.

Binti yangu alikuwa amelaza kichwa kwenye paja langu. Akainuka, akakaa, akaimba. Hakuimba kama walivyoimba wenyewe kwenye simu yake, na wenyewe anawajua vizuri. Aliimba Kijapani cha baba yake, chenye lafudhi ya Uvira, akavuta pumzi mahali ambapo baba yake alivuta pumzi. Alipofika ubeti wa pili akapanda, akapanda, akaruka. Akafika mbele kabla ya muziki, akainua mkono, akausubiri: "Eeh. Eeh." Na wale akina mama, kwa mazoea ya miaka, walifungua vinywa kupiga kigelegele, wakakumbuka wako wapi, wakajiziba kwa viganja vyao.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mpaka wakanishika mikono miwili. Siku ya mwisho waligawa nguo zake, ovaroli akaichukua yule Msumbiji, nami nikaogeshwa nikainuka. Asiyekuwepo na lake halipo.

Nitasema ukweli: baada ya hapo tulipata nafuu. Binti alilala. Nilimsikia nje akimwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba baba yake ni marehemu, na yule mwenzake akasema "sorry, neh," wakaendelea na habari za mtihani. Watu walinisalimu kwa utaratibu. Mimi mwenyewe nilianza kula vizuri, na mlango ulipogongwa nilimwambia anayegonga aingie, bila kuinuka. Niliamini amekufa. Ukishamlilia mtu kiasi kile, unaamini.

Kazi yangu siku hizi inakuja kwa simu. Zamani mteja alileta picha kutoka gazetini; sasa anatuma video ya harusi ya ndugu yake aliyeko Nairobi, au Bujumbura, au Australia, na chini yake ujumbe wa sauti: nishonee kama hii. Unaangalia video, unaisimamisha, unakuza, unajua lesi imekatwaje. Jumatano moja mteja wangu Mrundi, msichana mpole ambaye harusi yake ilikuwa inakaribia, alinitumia moja. Dada yake mdogo yuko kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na aliolewa Jumamosi iliyotangulia.

"Mama, uangalie mikono ya hiyo gauni," ujumbe wake ulisema. "Nataka ile mikono. Ile inainuka mabegani."

Ilikuwa saa za alasiri, jua limeingia mpaka kwenye meza. Binti alikuwa upande wa pili na daftari zake. Niliegemeza simu kwenye mfuko wa nyuzi, nikabonyeza.

Turubai la kambi, viti vya plastiki, puto nyeupe. Bibi harusi yuko mlangoni, mikono ya gauni imeinuka mabegani kama alivyosema. Kinanda kikaanza. Nilidhani sauti inatoka kwenye redio yetu, nikageuka kuitazama, imefunikwa na kitenge chake. Kisha mwanamume akaanza kuimba, kwa Kijapani.

Kamera haikumwonyesha. Ilikuwa inamtazama bibi harusi, kama inavyostahili. Nilijiambia wimbo huu umevuma, dunia ni kubwa, hata kambini watu wana simu. Nilijiambia hivyo kwa nguvu zangu zote. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaanza, akapanda, akapanda, nikashika ukingo wa meza.

Akaruka.

Na mpiga kinanda akaruka naye, bila kusita. Bibi harusi alikuwa ameshasimama, mguu umetulia, anangoja. Na akina mama wa kambi ile, wote kwa pamoja, pale pale, wakapiga vigelegele.

Nilielewa kila kitu kwa vigelegele vile. Sauti peke yake ningeweza kuisingizia kwamba amefika jana, kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba alifungwa, kwamba alipoteza namba zetu na kesho atapiga. Lakini wanawake hawajui mahali pa kigelegele kwa harusi moja. Wanazoea. Na mpiga kinanda anazoea. Wamewaingiza maharusi wengi pale kwa wimbo ule, Jumamosi baada ya Jumamosi, na siku zote hizo alikuwa na pumzi ya kuimba, na pale kambini kila mwenye sikio ana simu. Sijui kilichomfunga ulimi. Labda ni aibu ya kutomzika mama yake, labda amechoka na sisi, labda iko nyumba nyingine na mtoto mwingine mabegani. Nimeyapanga yote hayo na kuyapangua, na hakuna moja linalonifaa kitu.

Wimbo ulikuwa haujaisha. Niliinua macho. Binti alikuwa ameacha kuandika. Kalamu ilikuwa imesimama kwenye karatasi, na uso wake ulikuwa umekauka, na midomo yake, bila yeye kujua, ilikuwa inayafuata maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka watu wakapiga makofi na video ikajizima yenyewe.

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema jina la baba yake.

"Mama," akasema. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, akichagua kila neno na kulitua mahali pake, sentensi ya kwanza nzima aliyowahi kunipa: "Baba yangu alikufa. Tulimlilia."

Akainamisha kichwa, akaendelea kuandika. Hakuinua tena macho.

Simu ikaita. Alikuwa yule mteja.

"Mama, umeiona?"

"Nimeiona."

"Iko nzuri, eeh? Utaweza?"

"Nitaweza," nikasema. "Njoo Ijumaa nikupime."

Nikamwambia asalimie nyumbani, nikakata. Kisha nikazima sauti ya simu, nikairudisha video mwanzo, nikahesabu marinda ya begani.